UZI: Sentensi moja iliyofutwa ilivyotufundisha kupima habari maktabani kwetu

#1 Mkutubi_KandaYaZiwa

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa rohoni muda mrefu.

Mimi ni mkutubi. Nilisomea SLADS, chuo cha ukutubi na nyaraka kule Bagamoyo, na huu ni mwaka wa tisa niko kwenye maktaba ya mkoa huku Kanda ya Ziwa. Chuoni tulifundishwa kupanga vitabu, kuandaa katalogi, kumhudumia msomaji mpaka apate alichofuata. Siku hizi msomaji anayenijia kaunta mara nyingi hana shida ya kitabu. Ana simu ya mama yake mkononi, ananisogezea usoni: "Mkutubi, eti hii ni kweli?"

Kilichonifanya nianze ni picha ya daraja. Masika moja ilizunguka kwenye magrupu picha ya daraja lililokatika katikati, maji ya kahawia yamefurika, lori limening'inia. Maelezo yalisema ni daraja letu la kuingilia mjini. Kufika saa nne asubuhi kuna watu walikuwa wameshaahirisha safari, na bodaboda wamepandisha nauli wakidai wanazunguka njia ya mbali. Daraja lenyewe liko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka maktabani. Chumba cha kusomea kilikuwa na vijana wanane. Wote walikuwa wameiona ile picha, watano wameshaisambaza. Nikawauliza nani amekwenda kuliangalia. Kimya.

Tukafunga vitabu, tukaenda. Daraja lilikuwa palepale, zima, maji yamejaa chini yake, na mama mmoja amekaa karibu na kingo anachoma mahindi. Tuliporudi tukaipitisha ile picha kwenye Google Lens, chombo cha kutafuta picha ilipowahi kutokea mtandaoni, ikatokea ndani ya habari ya miaka minne nyuma, ya nchi nyingine kabisa. Kijana mmoja akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mkutubi, mimi niliona kabisa kingo za lile daraja hazina rangi nyeupe kama za kwetu. Ila kila mtu alikuwa ameshatuma."

Basi nikaanzisha kipindi cha Jumamosi. Mwanzoni nilikosea, nikawa nahubiri. Nilichapa lile bango la IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, la mwaka 2017, lenye hatua nane za kutambua habari ya uongo: angalia chanzo, soma zaidi ya kichwa cha habari, mwandishi ni nani, ni ya tarehe gani, na kuendelea. Bango zuri, nalitetea mpaka leo. Vijana walilisoma, wakalikariri, wakanijibu maswali yote bila kukosea. Jumatatu wawili wao wakasambaza tangazo la ajira za uongo.

Mambo yalibadilika siku tulipoacha kukagua maandishi ya wengine, tukaanza kuandika ya kwetu. Wengi wenu mnajua kwamba Wikipedia ya Kiswahili ina makala ya karibu kila kata ya Tanzania. Nyingi ni fupi mno: wilaya, mkoa, postikodi, idadi ya watu kwa sensa, basi. Wenyewe wanaziita mbegu. Tukafungua ya kata yetu. Mistari mitatu, na idadi ya watu bado ya mwaka 2012. Binti mmoja wa kidato cha pili akaumia kweli: "Kwa hiyo mtu akitutafuta, anakuta hiki tu?" Akabonyeza Hariri. Akaandika kwamba kata ina wakazi zaidi ya elfu hamsini na ndiyo kubwa kuliko zote wilayani. Alikuwa ameisikia hiyo kwenye mkutano wa hadhara. Akahifadhi, tukampigia makofi.

Jumamosi iliyofuata sentensi haikuwepo. Tukafungua historia ya ukurasa, maana pale kila badiliko linaonekana, nani kafanya na saa ngapi. Mhariri tusiyemjua alikuwa ameiondoa, akaacha maneno mawili: haina chanzo.

Binti alikaa kimya akitazama skrini. Halafu akasema, "Lakini ni kweli."

Umejuaje?

"Kasema kiongozi."

Yeye kajuaje?

Hapo ndipo somo langu lilipoanza, na sikuwa nimeliandaa. Tulitafuta kwa saa mbili. Sensa ya Agosti 2022, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, taarifa ya idadi ya watu kwa maeneo ya utawala: mkoa, halmashauri, kata, jedwali juu ya jedwali, tarakimu ndogondogo za kuumiza macho. Nakumbuka kidole chake kikishuka taratibu kwenye safu ya majina mpaka kikasimama kwenye letu. Idadi haikufika hata nusu ya ile aliyoiandika, na kata yetu ilikuwa ya tatu wilayani.

Akarudi kwenye makala akaandika idadi sahihi, akaweka tanbihi: jina la taarifa, mchapishaji, mwaka, ukurasa. Mpaka leo ipo. Mama yake ananiambia siku hizi mtu akileta habari pale nyumbani, binti anauliza "imeandikwa wapi?" kabla hajaisikia mpaka mwisho.

Tangu siku hiyo naamini hivi: kijana aliyewahi kubeba mzigo wa kuthibitisha sentensi yake mwenyewe anatambua upesi ya mwenzake inapokosa msingi. Maktaba ndiyo mahali pa kumbebesha mzigo huo, kwa sababu vyanzo viko ndani na kuna mtu wa kumwelekeza. Mnaofanya kazi kama hizi mnafanyaje? Nina kompyuta nne, moja imekufa kibodi, na bando tunachangishana.

#2 BintiSengerema

Nimesoma mpaka mwisho. Mkuu, hapo kwenye "kila mtu alikuwa ameshatuma" umenigusa. Mimi ni mtu mzima na hufanya hivyo hivyo. Niko pembeni nafuatilia uzi.

#3 Mwalimu_Mstaafu

Kijana wangu mkutubi, pongezi kwa kuwapeleka watoto darajani kwa miguu yao. Huo ni ualimu.

Lakini niseme linaloniuma. Nilikuwa mtoto wa shule Dar es Salaam Mwalimu Nyerere alipoifungua Maktaba Kuu ya Taifa, tarehe 9 Desemba 1967. Tulipoanza kupelekwa pale, tuliingia kama tunaingia mahali pa ibada. Maktaba ilikuwa mahali pa kusoma. Leo naona kila mahali wanasema maktaba iwe studio, iwe mahali pa kurekodi, iwe na kelele. Mtoto ambaye hajasoma vitabu kumi ana nini cha kuandika? Na mnampeleka aandike Wikipedia, ambako yeyote anaandika anachotaka! Miaka thelathini na minne nimefundisha, na nimeona madaftari ya wanafunzi yaliyonakiliwa kutoka huko neno kwa neno, hadi mabano.

#4 Mkutubi_KandaYaZiwa

Shikamoo mwalimu wangu. Nashukuru umelisema waziwazi, maana hata ofisini wapo wanaoniambia hivyo hivyo, wengine kwa ukali zaidi. Ofisi moja niliyoiomba ruhusa ya kutumia chumba chao chenye intaneti nzuri ilinijibu kwamba maktaba isijifanye chuo cha kompyuta.

Kuhusu kusoma, niko upande wako. Yule binti kabla ya tukio lile alikuwa haazimi kitabu. Baada ya kufutiwa sentensi ameshaazima vitatu vya historia ya mkoa, kwa sababu sasa anatafuta kitu ndani yake. Mwenye swali lake husoma kwa njaa.

Kuhusu Wikipedia, hatuwafundishi kuinukuu. Tunawafundisha kushuka mpaka chini kwenye tanbihi, kukifuata chanzo, kukifungua, na kuona kama kweli kinasema kinachodaiwa. Mara nyingi hakisemi. Na kunakili neno kwa neno, mwalimu, huko ndiko kunakofutwa haraka kuliko kitu chochote. Watoto wangu wawili wamelionja hilo.

#5 Mhakiki_Taarifa

Nafanya kazi ya uhakiki wa habari, kwa hiyo uzi huu ni wa nyumbani kwangu.

Mkutubi, bango la hatua nane ni zuri ukutani, ila kwenye simu, mtu yuko kwenye daladala, hakuna atakayepitia hatua nane. Kuna utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, wa 2017, ambao mimi huusimulia kila ninapofundisha. Waliwachukua watu 45: wanahistoria 10 wenye PhD, wahakiki wa habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho hicho. Wakawapa tovuti wazipime kama ni za kuaminika. Wasomi wa historia na wanafunzi wengi walifanya kile shule ilichowafundisha: walibaki ndani ya ukurasa, wakausoma kwa makini juu mpaka chini, wakatazama nembo, wakatazama lugha ilivyonyooka. Na wengi wakadanganyika. Wahakiki walifanya kitu kinachoonekana kama uvivu. Waliutupia jicho ukurasa, wakauacha, wakafungua kurasa nyingine kutafuta watu wengine wanasema nini kuhusu hao wenye tovuti. Walisoma kidogo wakajua mengi.

Mimi naita kusoma pembeni. Ukitaka kujua tabia ya mtu unayetaka kumwozesha binti yako, hukai naye sebuleni ukamwuliza kama yeye ni mwema. Unakwenda kwa majirani zake.

Mwalimu Mmarekani mmoja, Mike Caulfield, ameifupisha kazi hii kuwa mambo manne: simama kwanza, mchunguze aliyetoa, tafuta mahali palipoeleza jambo hilo vizuri zaidi, fuatilia dai, picha au nukuu mpaka ilipozaliwa. Picha yenu ya daraja mliipitisha kwenye la nne bila kujua. Na wafundishe alama ya mishale miwili kwenye WhatsApp. Ukiiona, ujumbe umeshapita mikono mingi, anayekutumia siye aliyeuandika, na huenda hata hamjui aliyeuandika. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unaweza kuusambaza kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa wakati mmoja, na sababu ni hiyo hiyo.

Naongeza moja linalonitisha kwa sasa: sauti za kutengeneza. Zamani tulisema "nimemsikia kwa masikio yangu". Sasa sikio peke yake halitoshi, na hatua ya kwanza, kusimama, imekuwa na kazi zaidi.

#6 Mama_Kikoba

Wanangu, mnasema vijana, vijana. Grupu la ukoo wetu lina watu themanini na wanaosambaza ni sisi wenye miaka hamsini kwenda juu. Vijana wanatusahihisha, sisi tunawaambia hawana adabu.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba. Mwenzetu mmoja alipokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na siku hiyo kweli alikuwa na mtu anamdai. Akatuma, tena fedha ya kikundi. Hakulala siku tatu, na aibu ile nusura itupotezee mwanachama mwema. Baadaye kijana wa dukani akatuonyesha kwamba ujumbe wa namna hiyo unaupeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli, na kwamba ukibonyeza *106# unaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wengi wetu tulikuta mambo. Kwa nini hatukuyajua kabla ya kuumia?

Mkutubi, tufungulie mlango na sisi. Siku za soko hatuwezi, lakini Alhamisi jioni baada ya marejesho tunakaa saa nzima. Na usitufundishe kama watoto. Anza na mambo yetu.

#7 Mwana_Kisauni

Asalaam aleikum kutoka Mombasa. Mama, ulilonena ni kweli tupu.

Huku Kenya mtaala wa umahiri, CBC, umeweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umahiri saba wa msingi, kwa hivyo mwalimu hawezi kuukwepa. Tatizo ni kwamba shuleni unageuka kuwa "hii ni kipanya, hii ni kibodi". Mtoto anajua kuwasha mashine, hajui kuuliza nani kaiweka habari ile na anataka nini kwake.

Nilipokuwa nikisoma Nairobi nilikuwa nikienda maktaba za Eastlands, Kaloleni na Makadara, ambazo shirika la Book Bunk lilizifufua. Hao ndio pia wanaoishughulikia McMillan, ile maktaba ya 1931 ambayo Mwafrika alikuwa haruhusiwi kuingia enzi za mkoloni. Sehemu niliyoipenda ni kazi ya kuhifadhi magazeti na picha za zamani kwa njia ya kidijitali. Ukimkalisha kijana mbele ya gazeti la wakati wa ukoloni, akaona jinsi mgomo wa wafanyakazi ulivyoandikwa kana kwamba ni fujo za wahuni, huhitaji kumweleza tena kwamba habari ina mwenyewe. Anaanza kutafuta mwenyewe sauti ya yule aliyegoma iko wapi. Nawaambia wakutubi wote: magazeti ya zamani mliyoyafungia stoo ndiyo kitabu cha kiada cha somo hili.

#8 Mbongo_Chicago

Wakuu, niko Chicago mwaka wa kumi na mbili. Nilikuwa msomaji tu wa nyuzi, leo naandika kwa sababu ya mwanangu.

Maktaba kuu ya mji huu, Harold Washington, ina mahali pa vijana panaitwa YOUmedia, tangu 2009. Walipopaanzisha walifuata utafiti wa mwanaanthropolojia Mimi Ito na wenzake, waliokaa na vijana miaka mitatu kuona hasa wanafanya nini mtandaoni. Wakaona hatua tatu, nazitafsiri nijuavyo: kubarizi, kuchezeachezea, na kuzama. Kijana anakuja kwanza kwa ajili ya wenzake tu. Siku moja anagusa kinasa sauti. Mwaka unaofuata huwezi kumtoa kwenye meza ya muziki. Hakuna anayemfukuza kwa sababu leo kaja kubarizi. Kuna watu wazima pale kazi yao ni kukaa karibu, kuona nani ameanza kuchezeachezea, na kumsogezea kiti. Mwanamuziki Chance the Rapper alipita mle akiwa mwanafunzi wa sekondari, kwenye zile jioni za kusimama na kughani mbele ya wenzako.

Mwanangu alikuja hapa na miaka mitatu. Shuleni alikuwa mkimya, watu wakidhani ni lugha. Mle ndani alianza kwa kushika taa ya wenzake waliokuwa wakipiga video. Sasa anatengeneza vipindi vifupi vya sauti, na mwezi uliopita alinihoji mimi na mama yake, kwa Kiswahili, kuhusu tulivyofika. Alikuwa na maswali kumi na tisa kwenye karatasi. Hatukuwahi kumsimulia mambo yale.

Profesa Henry Jenkins aliandika mwaka 2006 kwamba hofu ya watu ilikuwa nani ana kompyuta na nani hana, lakini pengo lililo kubwa zaidi ni la ushiriki: wawili wana mashine ile ile, mmoja amezoezwa kutengeneza, kujadiliana, kukosolewa na kurekebisha, mwingine anapokea tu. Nikiangalia binamu zake waliobaki nyumbani, simu wanazo, bando wanalo. Aliyewasogezea kiti ndiye hayupo. Mkutubi, wewe na kompyuta zako tatu na nusu umeshakuwa mtu huyo.

#9 Ndugu_wa_Buja

Naandika nikiwa Bujumbura. Msikate tamaa kwa kukosa jengo.

Mwaka 2014 shirika la Maktaba Bila Mipaka lilileta Ideas Box hapa Burundi, kwenye kambi za wakimbizi Wakongomani, na hizo ndizo zilikuwa za kwanza kabisa kutumika duniani. Ni maktaba iliyokunjwa: masanduku ya rangi, ukiyafungua yanakuwa meza na viti, ndani mna vitabu, vishikwambi, kompyuta, skrini ya sinema na kamera. Kamera ndiyo iliyovuta vijana. Mtu aliyezoea kupigwa picha na wageni, picha yake ikaenda Ulaya bila yeye kujua maelezo yake yanasemaje, leo yeye ndiye ameshika kamera na ndiye anayeamua nini kibaki ndani ya fremu. Hilo ni somo la habari kuliko bango lolote.

Na kama intaneti inasumbua, tafuta Kiwix. Ni programu ya bure, unapakua Wikipedia nzima ya Kiswahili mara moja, inakaa kwenye diski, vijana wanaisoma bila bando. Kuhariri hutaweza, ila kazi ya kusoma, kubaini makala zisizo na vyanzo na kuandaa sentensi kwenye daftari, yote inafanyika. Siku ya bando ni ya kupandisha tu.

#10 Wakili_Kijana

Naongeza la sheria, kwa ufupi. Kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inahusu kuchapisha taarifa za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Waambieni vijana, lakini msilifanye fimbo ya kila kipindi, maana mtoto akitishwa sana ataacha kuandika kabisa, na lengo lenu litakufa.

La pili, picha. Kitu ulichokikuta kwenye Google si chako. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Mtoto akitaka picha ya soko kwenye makala, aende sokoni apige, aombe ruhusa kwa anayeonekana usoni. La tatu, tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mkutubi, usiwafungulie watoto akaunti kwa majina yao halisi, wala usipandishe picha zao bila idhini ya wazazi.

#11 Mkutubi_KandaYaZiwa

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Mama, Alhamisi mlango uko wazi kuanzia wiki ijayo. Tutaanza na simu zenu, na kila mmoja aje na ujumbe mmoja aliotumiwa akautilia shaka. Wakili, majina ya akaunti tunachagua ya kubuni, wazazi wamesaini.

Kwa wanaotaka kuanza kesho, niwaokoe na jambo lililoniaibisha. Wikipedia hairuhusu akaunti zaidi ya sita kufunguliwa kwa siku moja kutoka kwenye anwani moja ya intaneti. Mimi nilileta vijana kumi na nane kwenye ruta moja, wa saba akagonga ukuta, na nusu ya kipindi ikapotea. Wafungue akaunti siku tofauti, au nyumbani kwa simu za wazazi. Jingine: siku ya kwanza usimruhusu mtu aanzishe makala mpya. Mpe sentensi moja ya kurekebisha yenye tanbihi moja. Wakutubi duniani wana kampeni yao, 1Lib1Ref, tangu 2016, inaanza kila tarehe 15 Januari ambayo ni siku ya kuzaliwa Wikipedia, na ombi lake ni hilo hilo: kila mkutubi aongeze rejeo moja. Na AfLIA, umoja wa maktaba za Afrika wenye makao Accra, wamewahi kuendesha kozi ya Wikipedia kwa wakutubi wa bara hili. Muwafuatilie.

#12 Mwalimu_Mstaafu

Nimerudi. Nimekaa na maneno yenu siku nne.

Mkutubi, nina swali, na si la kukutega. Asili ya jina la kata ninakoishi naijua. Alinisimulia baba mkwe wangu, naye ni marehemu. Haipo kwenye kitabu chochote. Nikienda kuiandika huko, yule mhariri asiyejulikana ataifuta kwa sababu haina chanzo? Basi tunawafundisha watoto kwamba kisichochapishwa si kweli? Wazee wetu walikuwa nini?

#13 Mkutubi_KandaYaZiwa

Mwalimu, umegusa kidonda. Ndiyo, wataifuta. Kanuni yao inadai kitu kilichochapishwa, na mimi binafsi naona kanuni hiyo inatuonea sisi ambao wenye habari zetu wengi hawakuandika. Sina njia ya kuibadilisha. Ila maktaba ina rafu, na rafu ni yetu. Tunaweza kuwarekodi wazee, kuandika neno kwa neno walichosema, tarehe, mahali, na jina la msimulizi kama ameridhia, tukaweka kwenye mkusanyiko wa mkoa. Atakayekuja miaka hamsini baadaye kuandika kitabu atakuta pa kushika. Hiyo kazi siwezi kuifanya bila mtu ambaye wazee wanamheshimu.

Njoo Jumamosi, mwalimu. Uje na mzee mmoja.

#14 Mwalimu_Mstaafu

Nilikwenda. Nilimpeleka mzee mwenye miaka themanini na mitatu, rafiki wa baba mkwe wangu. Vijana walikuwa kumi na mmoja. Walimpa kiti chenye mgongo, wakamletea chai, wakamweleza kinasa sauti ni nini na kwamba akisema kizimwe kitazimwa. Akasimulia jina la kata: mti, mto, na mtu aliyeweka kambi chini ya mti huo. Kama nilivyosimuliwa mimi, isipokuwa jina la mtu yule lilikuwa tofauti.

Alipomaliza, yule binti wa sensa akainua mkono. "Shikamoo babu. Hayo uliambiwa na nani?"

Damu ilinichemka. Enzi zetu mtoto hamwulizi mzee hivyo, na nilikuwa nimeshafungua kinywa nimkemee. Mzee akaweka kikombe chini, akamtazama kwa muda. Akasema aliambiwa na shangazi yake, ambaye aliolewa upande huu akiwa binti mdogo, kwa hiyo naye aliyakuta. Kisha akasema, "Ila watu wa ng'ambo ya mto wana yao. Wanasema mti ulikuwa wao. Nendeni mkawaulize na wao, muandike yote mawili."

Binti aliandika yote mawili, kila moja kwenye ukurasa wake, juu ameweka jina la msimulizi na tarehe. Jumamosi ijayo tunavuka. Mkutubi amepata mtumbwi, na mimi nimeombwa nitangulie kupeleka salamu kwa mwenyekiti wa kijiji.